Barua ya wazi kwa wenye kliniki za meno na wanaotukagua: hilo boksi la dharura lifunguliwe

Waheshimiwa wakubwa zangu, wenye kliniki za meno, wakuu wa vitengo vya meno hospitalini, na nyinyi wa mabaraza na wizara mnaotoa leseni na kuja kutukagua, salamu nyingi. Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno, yule anayesimama upande wa pili wa kiti na mpira wa saksheni mkononi. Nitaenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe, najua mna shughuli nyingi.

Mkija kukagua mnauliza boksi la dharura, lile la dawa na vifaa vya kumwokoa mgonjwa akizidiwa kwenye kiti, lipo? Tunajibu lipo. Mnaangalia, kweli liko pale juu ya kabati, limefungwa na kile kiplastiki chekundu cha kuonyesha halijaguswa, mnatiki, mnahamia kwenye mashine ya kuua vijidudu vya vifaa na huko mnakaa weee mpaka chai inapoa. Sijasema usafi wa vifaa si muhimu, ni muhimu sana. Ila lile boksi hamjaligusa, na sisi wenyewe hatuligusi, na kwenye baadhi ya kliniki nilizopita mtu wa mwisho kulishika ni yule aliyeliuza. Yani limenunuliwa kwa ajili yenu, si kwa ajili ya mgonjwa. Hiyo ndo ishu yangu leo.

Tukubaliane kwanza, dharura kwenye kiti cha meno si kitu cha kila siku. Nyingi ni mtu kuzimia tu, kaona sindano, kapauka, jasho linamtoka, kapoteza fahamu. Huyo hahitaji dawa yoyote, unalaza kiti, unanyanyua miguu iwe juu kuliko kichwa, unamlegezea kola, anarudi mwenyewe na kuanza kuomba samahani eti amewasumbua. Na hapo ndo tunapozoea vibaya, kwa sababu wengi wanarudi wenyewe tunaanza kuamini kila anayelegea atarudi mwenyewe, halafu siku moja anakuja ambaye hajalegea kwa woga, ni koo linafunga kwa aleji, au sukari imeshuka, au moyo ndo unasimama, na dakika ile ya kwanza sura yake haina tofauti kubwa na yule mwoga wa jana. Cha kukuonyesha tofauti ni mapigo, presha, sukari ya kidoleni, mlio wa pumzi, vipele shingoni. Yani unataka mashine ya presha, glukomita ya kupima sukari, na ile klipu ya kidole ya kupima oksijeni, na uzitake zikiwa karibu na zinafanya kazi. Nimewahi kukuta glukomita ipo kwenye orodha, imetikiwa, ndani haina betri na stripu zake ziliekspaya zamani.

Sasa kuna watu walishakaa wakafikiria nini hasa kiwe mle ndani, hatuanzi sifuri. Mwaka 2002 chama cha madaktari wa meno cha Marekani, ADA, kilitoa mapendekezo ya vitu vya chini kabisa kwa kliniki ya meno: adrenalini ya sindano ya 1:1000, dawa ya aleji ya sindano, oksijeni pamoja na kifaa cha kumsukumia hewa asiyepumua, nitrogliserini ya chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua ya moyo, pampu ya pumu, sukari na aspirini. Vitu saba tu. Uingereza orodha yao inafanana ila wao wana glukagoni ya 1 mg kwa aliyeshuka sukari na hawezi kumeza, na midazolamu ya kuweka ndani ya shavu kwa degedege lisilokata, na ile dawa ya aleji ya sindano hawakuiweka, mana kwenye aleji kali inayofunga koo na kushusha presha haimwokoi mtu, inasaidia kuwasha na vipele. Kinachookoa ni adrenalini. Mimi hapo niko na Waingereza. Ukiweka dawa mbili za aleji kwenye boksi, mtu mwenye hofu atachukua ile asiyoiogopa, na inayoogopwa siku zote ni adrenalini.

Na dawa hizi si za ajabu wala za kuagizwa kwa siri. Adrenalini, aspirini, salbutamoli (ile ya pampu ya pumu), oksijeni, glukosi, zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, zile ambazo mfumo wowote wa afya unatarajiwa kuwa nazo. Kwa hiyo mtu asituambie ni mambo ya kliniki za matajiri.

Ila tunachouziwa mara nyingi ni boksi kubwa lenye madawa kibao, atropini, aminofilini, haidrokotisoni, vitu ambavyo kwenye kliniki ya kawaida ya kung'oa na kuziba hakuna hata mmoja wetu anayejua kipimo chake bila kufungua kitabu. Linaonekana zito, linaonekana la maana, mkaguzi anafurahi. Siku ya siku mtu anafunua anakuta vichupa vya kioo vimejipanga vyote saizi moja, maandishi madogo kama ya mkataba wa mkopo, na mgonjwa anabadilika rangi pembeni. Boksi dogo lenye vitu vichache ambavyo hata mimi msaidizi navijua kwa kuvigusa lina faida kuliko hilo. Wanaotoa dawa za usingizi au za kutuliza kwa mshipa, hao ni habari nyingine, wao lazima wawe na za kuzirudisha nyuma, flumazenili kwa familia ya midazolamu na naloksoni kwa familia ya mofini, na watu waliofundishwa hasa. Msichanganye madaraja hayo mawili kwenye fomu moja.

Naomba nikae kidogo kwenye adrenalini. Kuna imani moja inazunguka kwenye kliniki zetu kwamba "adrenalini si ipo kwenye ganzi", kwa hiyo ikitokea aleji tutajua la kufanya. Jamani. Katriji ya ganzi ya 1.8 ml yenye adrenalini ya 1:100,000 ina mikrogramu 18 tu. Mtu mzima mwenye aleji kali anahitaji mikrogramu 500, yani nusu mililita ya ile ya 1:1000, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Pigeni hesabu, hizo ni karibu katriji 28, na kila moja inakuja na lidokeini yake ambayo ukiijumlisha unamuua mgonjwa kwa sumu ya ganzi kabla aleji haijamuua. Hii haitakiwi kusemwa hata kwa utani.

Halafu hata ikiwepo ile yenyewe, angalieni imekaaje. Ampuli, kile kichupa cha kioo chenye dawa, iko kwenye boksi, sirinji ziko stoo, sindano za kuchoma msuli hamna kabisa kwa sababu sisi sindano zetu ni zile nyembamba ndefu za ganzi ambazo haziingii kwenye sirinji ya kawaida. Sasa fikirieni mikono yenye glovu zilizolowa mate, kichupa kidogo kuliko kidole cha mwisho, shingoni kuna kadoti ka rangi ambako kanatakiwa kakutazame wewe, unaweka dole gumba juu yake na kuvunja kwa kusukumia nyuma, na kama hujawahi kufanya utavunja vibaya, utajikata, dawa itamwagika, na ampuli ilikuwa moja. Kwa nini iwe moja? Dozi inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 kama mtu hajapata nafuu, kwa hiyo moja haitoshi hata mambo yakienda vizuri. Wekeni kadhaa, na kila ampuli ifungwe kwenye kimfuko kimoja na sirinji yake ya 1 ml na sindano yake, na juu ya kimfuko iandikwe kwa kalamu nene: mtu mzima 0.5 ml, miaka 6 hadi 12 0.3 ml, chini ya miaka 6 0.15 ml, paja, msuli. Ikiwezekana nunueni na zile kalamu zinazojichoma zenyewe, ila kama hazipatikani hicho kimfuko kinafanya kazi hiyo hiyo. Na iangaliwe rangi kila mwezi, adrenalini ikipigwa na mwanga na joto inageuka pinki au kahawia, hiyo si dawa tena hata kama tarehe haijafika.

Na msiseme aleji kwetu ni ya penisilini tu. Kuna mpira wa glovu, na kuna klorheksidini, ile ile ya kusukutulia mdomo ambayo tunaioshea mashimo ya meno yaliyong'olewa. Uingereza watu walikufa baada ya kuoshewa shimo na hiyo kitu, na mwaka 2012 mamlaka yao ya dawa ikatoa tahadhari. Kitu tunachokimimina kila siku bila hata kuuliza.

Oksijeni sasa. Hii ndo inaniuma zaidi mana ndo tunayoitaja kwa kujigamba, "tuna mtungi". Kliniki moja niliyofanya kazi, siitaji, mtungi ulikuwepo, mpya, umejaa, umefungwa na mnyororo ukutani asije mtu akauiba. Mama mmoja wa makamo akabanwa pumzi katikati ya matibabu, daktari akasema leta oksijeni, tukaukimbilia, spana ya kufungulia hamna. Ilikuwa kwenye droo ya ofisi ya bosi, ofisi imefungwa, bosi yuko safarini. Mama alikuwa na pampu yake ya pumu kwenye pochi aliyomwachia binti yake nje, binti akaja mbio nayo, akavuta, akatulia, Mungu mkubwa. Mtungi ulikaa pale umejaa vile vile.

Spana ifungwe kwa kamba kwenye mtungi. Ndo hivyo tu, kamba. Geji iwe imeshafungwa juu, isomwe kila asubuhi na anayefungua kliniki, na watu wajue hesabu: mtungi wa kubeba wa saizi E ukiwa umejaa una kama lita 660, ukimpa mgonjwa lita 15 kwa dakika unapata dakika 44, ukiwa nusu ni 22, na hapo gari la wagonjwa huenda halijafika. Valvu isipakwe mafuta wala grisi, oksijeni yenye presha na mafuta ni moto huo, nimemwona fundi anataka kulainisha koki kwa mafuta ya mashine nikapiga kelele. Na barakoa ziwe za saizi zote, ya mtu mzima na ya mtoto, ile yenye mfuko kwa anayepumua, na ule mfuko wa kubonyeza kwa mkono kwa asiyepumua. Kliniki zinatibu watoto siku nzima na barakoa iliyopo ni ya mtu mzima, inamfunika mtoto mpaka machoni na hewa yote inatokea pembeni.

Hayo mengine ni mepesi kwa kweli. Aspirini ya 300 mg, ya kutafuna si ya kumeza nzima, kwa mwenye maumivu ya kifua ya moyo asiye na aleji nayo. Sukari au jeli ya glukosi, gramu 15 hadi 20, kwa aliyeshuka sukari ambaye bado ana fahamu na anameza, aliyezimia msimwekee kitu mdomoni. Wengi wanashuka sukari kwa sababu mtu kawaambia wasile kabla ya kung'oa jino, wakati kwa ganzi ya kawaida hakuna ulazima wa kushinda njaa, na mwenye kisukari keshachoma insulini yake asubuhi. Huyo wa mapokezi anayewajibu watu kwenye simu afundishwe hilo, anaweza kuzuia dharura kuliko boksi zima. Salbutamoli iwe na ile chemba ya plastiki ya kuvutia, mtu aliyebanwa hawezi kulinganisha kubonyeza na kuvuta. Glukagoni ikae friji, au ikikaa nje isizidi nyuzi 25 na muda wake uhesabiwe miezi 18 tangu ilipotoka kwenye friji, iandikwe tarehe mpya juu. Midazolamu ni kwa degedege linalopita dakika 5, na najua kwenye sheria ni dawa ya kufungiwa, sawa, fungieni, ila ufunguo uwepo jengoni kila saa kuna mgonjwa.

Nitrogliserini ina neno lake. Ukimpulizia mtu aliyemeza sildenafili ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya saa 48, zile dawa za nguvu za kiume, presha inaweza kuporomoka vibaya sana. Na wanaume hawasemi! Fomu inauliza "unatumia dawa gani?" mbele ya watu wa mapokezi, mke yuko pembeni, nani ataandika? Hilo swali liulizwe ndani, mlango umefungwa, kwa sauti ya kawaida, na liwe kwenye fomu kama swali la kawaida la ndiyo au hapana kwa wote.

Mashine ya kushtua moyo najua mnaikwepa kwa sababu ya gharama. Sitabishana sana, nitasema tu kwamba moyo ukisimama kwa mapigo yale ya kutetemeka, kila dakika inayopita bila kushtuliwa na bila kukandamizwa kifua nafasi ya kupona inashuka asilimia 7 hadi 10. Kama jengo lina kliniki nyingi, changieni moja, iwekwe korido, isifungiwe ofisini kwa mtu. Angalieni pedi zake na betri, nazo zina tarehe. Na wakati inaletwa kifua kikandamizwe, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Hapo kwenye kiti cha meno kuna shida ambayo mafunzo ya ukumbini hayafundishi, kiti ukikilaza chote sehemu ya kichwa inacheza kila ukikandamiza, nguvu inapotea. Mnasukuma kile kistuli cha daktari chini ya sehemu ya kichwa, kinatulia. Hii mtu anaijua akifanya mazoezi kwenye kiti chenyewe, si kwenye zulia la hoteli na cheti cha mahudhurio mwishoni.

Sasa jambo ambalo najua litawaudhi baadhi ya madaktari. Mara nyingi anayeona kwanza ni sisi. Daktari anatazama jino, taa iko mdomoni, mimi ndo natazama uso mzima, mikono inavyokamata kiti, mguu unavyocheza. Lakini kwenye kliniki nyingi msaidizi haruhusiwi kugusa boksi, asubiri kuambiwa, na nesi akishika adrenalini bila amri anaulizwa wewe nani. Tunaomba ruhusa ya maandishi. Baraza liandike wazi kwamba msaidizi aliyefundishwa anaweza kuanzisha oksijeni, kutoa sukari, kumpa mgonjwa pampu, na kuchoma adrenalini ya paja kwa dalili zilizotajwa, daktari akiwepo au ametoka. Msiposema hivyo, watu wataendelea kuogopa kufukuzwa kuliko wanavyoogopa mtu kufa mbele yao, na siwalaumu, wana watoto wa kusomesha.

Ninachoomba kwenye ukaguzi hakina gharama kwenu. Acheni kuuliza boksi lipo? Fikeni, ingieni chumba chochote, kaeni kwenye kiti, mseme "mimi ni mgonjwa, nimepigwa ganzi, ulimi unavimba, nashindwa kupumua", halafu angalieni saa. Muone nani anakwenda wapi, nani anapiga simu, na kama anayepiga simu anaweza kuelekeza jengo lilipo bila kubabaika, mana hofu inafuta hata jina la mtaa wako, ndo mana maelekezo hayo yanatakiwa yabandikwe pale pale kwenye simu pamoja na namba ya gari la wagonjwa. Muone kama kuna anayeshuka getini kupokea gari. Mpaka oksijeni iwe usoni na mtu awe ameshika kimfuko cha adrenalini mkononi, imechukua muda gani? Hiyo namba iandikwe kwenye ripoti. Kliniki ikifeli ipewe wiki kadhaa na mrudi bila taarifa, siyo faini ya siku hiyo hiyo ambayo itafundisha watu kuwaficha tu.

Kwa wenye kliniki: teueni mtu mmoja mwenye jina wa kulifungua boksi kila mwezi, na wa pili wa kushika akiwa likizo, na muda huo uwe ndani ya saa za kazi na ulipwe, siyo "ukipata nafasi". Dawa ikibakiza miezi miwili kuisha iagizwe, isingojwe iishe. Zile zilizoekspaya msizitupe zote, tuachieni baadhi ya ampuli tuzipeleke pembeni kabisa na boksi tufanyie mazoezi ya kuvunja na kuvuta, ziandikwe MAZOEZI kwa wino mwekundu zisije zikarudi ndani. Na kwa wizara na wasambazaji, kliniki ndogo haiwezi kununua paketi nzima ya adrenalini wakati inahitaji chache, kinachofuata ni ampuli nyingi kuishia muda kwenye kabati na mwaka unaofuata bosi anakataa kununua tena. Ruhusuni zigawanywe kihalali, au bohari ya wilaya iwe inabadilisha zinazokaribia kuisha, zipelekwe hospitali ambako zitatumika wiki hiyo hiyo, na kliniki ipewe zenye tarehe ndefu.

Ukaguzi unaofuata anzeni na kwetu, na msinitaarifu. Njooni saa nne asubuhi viti vikiwa vimejaa.

Ni mimi wenu,
msaidizi wa daktari wa meno